Kwa nini tini za Tanga hazifiki utamu wa Jabal Akhdar

"Shikamoo mtaalamu. Mwaka juzi nilikwenda kumtembelea dada yangu anayeishi Nizwa, Oman. Tukapanda Jabal Akhdar, nikachuma tini kwa mkono wangu na kuila chini ya mti. Sijawahi kuonja tunda tamu kama lile. Niliporudi Tanga nikanunua mche kwa muuza miche aliyeniapia kuwa ni 'tini ya Kiarabu'. Mti umestawi, majani makubwa kama sahani. Natia samadi kila mwezi na kumwagilia asubuhi na jioni. Tini zinatoka, lakini zimejaa maji na hazina ladha. Za mwezi wa pili zilikuwa na nafuu. Za mwezi wa nne zote zilipasuka, zikatoa povu lenye harufu ya siki, na majani yakapata madoa ya rangi ya kutu yakapukutika. Jirani anasema nipande mkuyu karibu ili nipate nyigu wa kuzibebesha. Mwingine anasema udongo wa Tanga haukujaliwa tini, niagize vipandikizi vya Uturuki. Baba mkwe hali kabisa, anasema ndani mna wadudu. Kosa ni la mti, la udongo, au langu? Na tini kavu za Uturuki zinazouzwa mjini, ule unga mweupe ni sukari wanayotia?"

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia mambo mengi kwa mpigo, lakini katikati umeniachia sentensi fupi yenye karibu jibu lote: za mwezi wa pili zilikuwa na nafuu. Mti ni uleule, udongo ni uleule, mkono unaomwagilia ni uleule. Kilichobadilika kati ya mwezi wa pili na wa nne ni hewa. Mwezi wa pili Tanga ni kaskazi, jua kali na mvua haba. Mwezi wa nne ni masika. Kabla hujaulaumu udongo wala kuung'oa mti, tuanzie hapo.

Chukua tini moja iliyoiva, ipasue kwa kisu kuanzia kikonyo mpaka chini, uitazame kwa karibu. Utaona ukuta mweupe, na ndani yake nyuzi nyingi za rangi ya waridi zimesongamana, kila moja ikiishia na kitu kama mbegu ndogo. Kila uzi ule ni ua. Tini ni kifuko cha nyama kilichojifunga na maua yake yote ndani, mamia kwa mamia, ndiyo maana hujawahi kuona mtini umechanua. Sasa tazama upande wa chini, mkabala na kikonyo. Pana kitundu, wengine hukiita jicho. Tini ikiwa changa jicho limebana. Inapokaribia kuiva linalegea, na kwa aina nyingine linafunguka kiasi cha kuingiza njiti ya kiberiti. Likumbuke hilo jicho, maana mabaya mengi uliyoyaona mwezi wa nne yalipitia hapo.

Jambo la pili ni namna tini inavyokua. Haikui kwa mwendo mmoja. Mwanzo huongezeka upesi, kisha husimama kwa majuma kadhaa mpaka mwenye mti hudhani imedumaa. Halafu ghafla, katika siku chache za mwisho, inavimba, inabadilika rangi, inalainika. Sehemu kubwa ya sukari huingia katika siku hizo za mwisho. Kwa hiyo mahali pazuri pa tini ni pale ambapo hali ya hewa ni nzuri wakati tini zinamalizia. Mvua ya miezi mingine haina neno, tena mti unaihitaji. Mvua ya juma la kuiva ndiyo inayoharibu kila kitu.

Chakula cha mti hutengenezwa majanini kwa mwanga wa jua, kikageuka sukari na kuteremshwa kwenye tunda. Siku za mawingu mfululizo, kiwanda hicho hufanya kazi nusu. Wakati huohuo mizizi inavuta maji, na kama hewa ya nje imejaa unyevu, maji hayo hayapati njia ya kutoka, yanabaki ndani ya tunda. Tini mbichi ya kawaida tayari karibu asilimia 80 yake ni maji, na katika kila gramu 100 ina takriban gramu 16 za sukari. Ukiongeza maji kidogo tu, utamu unazimuka kama chai iliyotiwa maji ya bomba. Tena tini haina uchachu wa kuiokoa. Pesheni au chungwa likipungukiwa sukari, ukali wake bado unalipa ladha. Tini ikipungukiwa sukari haibaki na kitu. Mahali pakavu mambo hugeuka: jua linajaza sukari, hewa kavu inavuta maji kupitia ngozi, na tunda linanywea kidogo likiwa bado mtini. Sukari ni ileile, maji yamepungua. Ndiyo ladha uliyoikuta Oman.

Na kule Jabal Akhdar kuna jambo moja zaidi. Bustani zile za matuta, zenye makomamanga na tini, nyingi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linawaka, usiku unatafuta shuka la pili. Mti hupumua usiku kama sisi, na katika kupumua hutumia sukari yake. Usiku wa baridi hutumia kidogo, usiku wa joto hutumia nyingi. Usiku wa Tanga wewe mwenyewe unaujua, jasho mpaka alfajiri. Mtini wako unachuma mchana na kula sehemu ya akiba usiku uleule. Mti wa mlimani unachuma mchana na kulala na akiba yake.

Nikupe mfano mwingine ili usidhani ni Oman peke yake. Uturuki ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa tini, lakini hata huko tini zake si za namna moja. Katika mkoa wa Aydın, kwenye bonde la mto Büyük Menderes, hulimwa aina iitwayo Sarılop, ya ngozi ya manjano. Mvua ya huko hunyesha zaidi majira ya baridi. Mwezi wa nane na wa tisa, tini zinapoiva, ni jua tupu. Wakulima hawazichumi. Wanaziacha zinywee juu ya mti mpaka zidondoke zenyewe, wanaziokota kila siku, kisha wanazimalizia kwenye vichanja juani. Ukienda kaskazini, mkoa wa Bursa karibu na bahari ya Marmara, utakuta tini nyeusi kubwa iitwayo Bursa Siyahı, na hiyo huliwa mbichi. Hewa ya huko ina unyevu zaidi, kukausha juani ni kubahatisha, lakini tunda bichi linatoka na ngozi nzuri na ukubwa wa kupendeza. Nchi moja, mahali pawili, na kila mahali pamechagua tini inayolingana na hewa yake. Ufaransa wamefika mbali zaidi: tini ya Solliès imelindwa kwa jina la mahali inakotoka tangu 2006, anayelima kwingine haruhusiwi kuliandika jina hilo kwenye boksi lake. Na wachimbaji wa mambo ya kale walikuta masalia ya tini za miaka zaidi ya 11,000 katika Bonde la Yordani. Huu ni mti uliozoea ukame kwa umri mrefu sana.

Sasa turudi Tanga. Ile tini iliyopasuka imepasuka kwa sababu mvua kubwa ilishuka wakati ngozi imekwisha kulainika. Mizizi ikavuta maji mengi kwa siku moja, nyama ya ndani ikavimba kuliko ngozi inavyoweza kutanuka. Lile povu la siki ni kuchacha hasa. Vinzi wadogo na vijidudu vyeusi vinavyopenda matunda yaliyooza huingia kwa jicho, wamebeba hamira miguuni, na humo ndani wanakuta sukari, maji na joto, kila kitu cha kutengenezea pombe. Madoa ya kutu majanini ni ugonjwa wa ukungu unaoitwa kutu ya mtini, hupenda majani yanayolowa na kuchelewa kukauka. Na usiuone kama ugonjwa wa majani tu. Majani yakipukutika wakati tini zinasubiri sukari, jiko limezimwa chakula kikiwa nusu kuiva.

Hapo niseme sehemu yako, kwa upendo. Samadi ya kila mwezi na maji ya asubuhi na jioni vimekupa yale majani makubwa kama sahani. Samadi nyingi huusukuma mti kwenye majani na matawi laini, unakuwa kichaka, hewa haipiti katikati, kutu inapata kivuli na umande. Nakuelewa. Mtu akiupenda mti huulisha kwa mkono wake wote. Lakini mtini ni kama mbuzi wa nyika, ukimpa majani ya kutosha na maji ya kiasi ananenepa vizuri kuliko ukimtilia kila saa.

Udongo wa Tanga usiusingizie. Mtini si mchaguzi. Unakubali kichanga, tifutifu na hata ardhi ya mawe, mradi maji hayatuami, na chokaa inaupendeza. Ardhi ya mwambao yenye matumbawe ina chokaa ya kutosha. Mashaka yangu kuhusu kichanga ni mengine: minyoo fundo. Hao ni minyoo wasioonekana kwa macho wanaoishi udongoni na kuivimbisha mizizi kama shanga. Mti wenye minyoo fundo hudumaa, majani hulegea mchana hata ukimwagilia. Wako umestawi, basi huenda haujapata shida hiyo, lakini siku ukichimba pembeni tazama mizizi midogo.

Kuhusu nyigu, jirani yako amesikia jambo la kweli akaliweka mahali pasipo pake. Ziko tini ambazo bila nyigu hazizai. Nyigu huyo, mdogo kuliko sisimizi, huzaliwa ndani ya tini dume ambazo hazifai kuliwa, hutoka na chavua mwilini, kisha hujipenyeza katika jicho la tini jike na kuyabebesha maua yake. Sarılop ni ya kundi hilo. Kule Aydın, mwezi wa sita, wakulima huning'iniza tini dume kwenye miti yao ili nyigu wapate njia. Wako waliolijua hili kwa hasara. Miaka ya 1880 wakulima wa California waliagiza maelfu ya vipandikizi vya tini ya Smyrna, mji unaoitwa Izmir leo. Mitini ikakua vizuri, ikatoa tini changa, zikanyauka na kudondoka zote, mwaka baada ya mwaka. Wengine wakaamini kwamba Waturuki wamewauzia miti mibovu kwa makusudi. Tatizo lilikwisha 1899, nyigu walipopelekwa na kufanikiwa kuishi katika shamba la George Roeding huko Fresno. Tini hiyohiyo wakaipa jina jipya, Calimyrna.

Mti wako unazishika tini mpaka zinaiva, na huna nyigu. Basi ni wa kundi la pili, lisilohitaji nyigu kabisa, na ndilo linalofaa mahali petu. Mkuyu hautakusaidia. Mkuyu ni ndugu wa mtini, lakini kila ndugu katika ukoo huu ana nyigu wake, na wa mkuyu hafanyi kazi ya mtini. Ukipanda mkuyu karibu na nyumba utapata kivuli kikubwa na mizizi ya kupasua ukuta. Vipandikizi vya Uturuki navyo, ukivipata vya Sarılop, utayaona ya California: mti mzuri, tini za kudondoka. Lakini niseme kweli yote. Tini iliyobebeshwa na nyigu ina mbegu zilizojaa, zinazotafunika na kutoa ladha kama ya karanga. Sehemu hiyo ya ladha ya tini ya Aydın mti wako hautaitoa, hata ukiutunza namna gani.

Na tafadhali usimwombe dada akufichie kipandikizi katika sanduku. Mtini huugua ugonjwa wa virusi unaofanya majani kuwa na mabaka ya manjano, na husafiri kwa vipandikizi. Kuingiza mimea nchini kuna kibali, kinachotolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Fuata njia hiyo au nunua miche ya hapahapa.

Baba mkwe umpe salamu zangu, na umwambie kwamba tini za mti wa nyumbani kwako hazina nyigu ndani, kwa kuwa haziingiliwi naye. Hata zile za nchi za nyigu, mdudu akifia ndani ya tini jike huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya tunda lenyewe. Vile vinavyolia meno ukitafuna ni mbegu. Ila hajakosea moja kwa moja: tini kavu zilizokaa sana ghalani huingiwa na funza wa nondo. Kwa hiyo tabia ya kuipasua tini na kuitazama kabla ya kuila ni njema, aendelee nayo.

Tuje kwenye kazi. Huwezi kuibadili hewa ya Tanga, lakini unaweza kuamua tini zako ziive lini. Mtini huzaa kwenye tawi jipya. Ukipogoa leo, machipukizi yanatoka, tini zinajitokeza kwenye kila kwapa la jani, na baada ya miezi minne hadi mitano tangu kupogoa zinaanza kuiva. Sasa hesabu kwa kurudi nyuma. Dirisha lako zuri ni Januari na Februari, baada ya vuli na kabla ya masika. Basi mkasi upite mwezi wa nane katikati au mwishoni. Wabrazili wa Valinhos, katika jimbo la São Paulo, ambako majira ya joto ndiyo ya mvua, huikata mitini yao karibu yote mwishoni mwa baridi na kuanza kuvuna miezi kama mitano baadaye. Wewe usikate kwa ukali huo mara ya kwanza. Bakiza matawi manne au matano yaliyotawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, kila moja lenye urefu wa dhiraa moja hivi, katikati pawe wazi jua lifike. Yale yanayopishana na yanayotambaa chini yaondoe.

Vaa mikono mirefu na glovu siku hiyo, na uifanye kazi jioni. Utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi kisha jua likaipiga, unaweza kuunguza mpaka malengelenge. Wazuie watoto wasichezee matawi yaliyokatwa. Ikitokea, osha kwa maji na sabuni, funika pasipate jua, na ikiwa malengelenge ni makubwa au utomvu umeingia jichoni nenda kituo cha afya mara moja.

Samadi tia mara moja baada ya kupogoa, debe moja au mawili iliyoiva vizuri, isigusane na shina. Kisha acha mpaka mwaka unaofuata. Maji mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa juma wakati wa ukame, chini kwenye udongo tu, usiloweshe majani, na weka matandazo ya majani makavu ili udongo usikauke na kulowa kwa ghafla. Tini zikianza kubadilika rangi, punguza maji nusu. Majani yote yenye kutu yaokote uyachome au uyafukie mbali. Kama kutu ilikuwa nzito, afisa kilimo atakuelekeza dawa ya shaba ya kupulizia machipukizi yakiwa machanga. Usipulize dawa yoyote tini zikiwa zinaiva, maana jicho liko wazi na itaingia ndani.

Halafu kuchuma. Hapa wengi hupoteza utamu waliokwisha kuupata. Tini ikichumwa kabla ya wakati inaweza kulainika, lakini haiongezi sukari mezani, tofauti na embe. Isubiri. Asubuhi ya siku yake utaiona shingo imepinda, tini imening'inia kama iliyochoka. Ngozi ina mistari midogo ya kuchanika. Ukiigusa ni laini kama ndewe ya sikio. Ukiichuma, kikonyo hakitoi utomvu mweupe au kinatoa kidogo sana. Na kwenye jicho, ukibahatika, utakuta tone moja la maji mazito, ang'avu, kama asali. Tone hilo ndilo alama ninayoiamini kuliko rangi. Ndege nao wanalijua, kwa hiyo zivalishe tini vifuko vya chandarua siku chache kabla.

Ukifanya haya yote utapata nini? Utapata tini nzuri, tamu kweli, miezi miwili ya mwaka. Utamu wa Jabal Akhdar hutaufikia, kwa sababu usiku wa baridi sina wa kukupa. Za mwezi wa sita hadi wa nane, kabla hujapogoa tena, zitakuwa za kawaida, na zitakazotokea masika zichume zikiwa bado ngumu kidogo uzipike jemu na limau na tangawizi. Ukitaka kuongeza mti wa pili, uliza aina yenye jicho lililobana. Kule Louisiana, Marekani, kwenye joto na unyevu unaofanana na wetu, wanaipenda aina iitwayo Celeste kwa sababu hiyohiyo: tunda lake ni dogo, lakini jicho limefungwa na halichachi upesi. Unaweza pia kuotesha mmoja ndani ya pipa lenye matundu na kuusogeza chini ya bati wakati wa mvua. Ni kazi, ila nimeona watu wakiiweza.

Na kama wazo lako ni biashara, nitakuambia ambacho ningemwambia mwanangu wa kumzaa: usiwekeze Tanga mjini. Tazama Dodoma. Ni nyanda zilizo juu kidogo ya mita 1,000, mvua zake huisha Aprili, halafu ni ukavu mpaka Novemba au Desemba. Zabibu zinavunwa huko mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya hewa hiyo, na mtini na mzabibu hupenda mambo mengi ya pamoja. Utahitaji maji ya kumwagilia, lakini hewa ya kukamilishia tunda ipo.

Kukausha tini juani hapo pwani sikushauri. Tini inayochukua siku nyingi kukauka katika hewa yenye unyevu hushikwa na ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu, ileile tunayoipigania kwenye mahindi na karanga. Haionekani kwa jicho na kupika hakuiondoi. Huko Uturuki viwandani hupitisha tini kavu chini ya taa maalumu gizani, zinazong'aa kijanikijani hutolewa. Wewe huna taa hiyo. Kama lazima ukaushe, tumia kikaushio cha kufunikwa cha sola, zipasue mbili, na usile yoyote yenye harufu ya uvundo au yenye unga mweusi ndani.

Ule unga mweupe wa tini za dukani kwa kawaida ni sukari ya tini yenyewe. Tunda likishakauka, karibu nusu ya uzito wake ni sukari, na baadhi hutoka nje na kuganda juu ya ngozi. Zipo zinazopakwa unga wa mchele zisigandane, soma pakiti. Ukungu una manyoya na rangi ya kijani au nyeusi, sukari ni chengachenga na huyeyuka ukiitia kwenye maji ya uvuguvugu. Mwenye kisukari hapo nyumbani ale kwa kipimo cha daktari wake, nusu ya sukari si mchezo.

Mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza ni haya. Ukiona shina lina matundu yenye unga wa mbao, mizizi ina vinundu, au majani machanga yanatoka na mabaka ya manjano, kata tawi moja lenye majani, chukua na mizizi michache ndani ya mfuko, umpelekee afisa ugani wa kata aione. Kwa kupima udongo huna haja ya kwenda mbali, kituo cha utafiti cha TARI Mlingano kiko Muheza. Chukua udongo sehemu tano kuzunguka mti, kina cha koleo moja, uchanganye, upeleke nusu kilo.

Kwa sasa weka ndoo ya samadi chini. Noa mkasi, subiri mwezi wa nane. Na mwezi wa pili asubuhi na mapema, kabla ndege hawajaamka, pita chini ya mti uangalie majicho. Ukiliona lile tone, mwite na baba mkwe.